KISU KIPYA CHA KUKUNJA: KUKIKAGUA NA KUKITIA MAKALI

(Haya ni mafunzo yaliyotolewa kwa vikundi vya kujisaidia vinavyotunza vitalu vya maembe na avokado upande wa Makueni. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili wale ambao hawakufika nao wapate faida. Mwishoni mtapata maswali ya kujadiliana kikundini.)

 

Najua wengine mnajiuliza, huyu mfanyakazi wa ustawi wa jamii ana nini na visu? Tumezoea kumsikia akiongea juu ya vitabu vya hesabu, katiba ya kikundi na mikutano. Ni kweli, mimi si mhunzi. Lakini nimetembelea vitalu vingi. Nimeona vikundi vimechanga pesa, vimenunua mbegu, vimechota maji mbali, vimengoja miezi mingi mpaka mche unenepe kama penseli. Halafu siku ya kupandikiza wanatoa kisu kilichotoka sokoni jana, hakijaguswa na jiwe. Baada ya wiki tatu vile vijiti vimekauka. Watu wanaanza kulaumiana: huyu ana mkono mbaya, yule alikuja amechelewa. Mpaka kikundi kinagawanyika. Na pengine shida ilianzia kwenye chuma.

1. Kwa nini kisu ni jambo kubwa

Mnapopandikiza embe, mnachonga kijiti kama kabari, mnapasua mche, mnaviunganisha. Chini ya gome kuna utando mwembamba sana, wenye majimaji. Huo ndio unaoshikana na mwenzake. Kisu kinachopata hukata mara moja, na jeraha linakuwa laini kama kioo. Kisu butu hakikati, kinaponda na kurarua. Ukichonga mara tano badala ya moja, uso unakuwa na mabonde, hewa inaingia katikati, utando unakauka kabla ya kufungwa kwa nailoni. Mche hauwezi kushika.

Tufanye hesabu kidogo. Hii ni ya mfano tu. Tuseme kikundi kina miche 300. Ikishika minane katika kila kumi, mtapata miche 240. Ikishika mitano tu katika kila kumi, mtapata 150. Tofauti ni miche 90. Mkiuza mche mmoja shilingi 100, hiyo ni shilingi 9,000 imekauka pale kitaluni. Mweka hazina, uliza ni visu vingapi hivyo!

Sisemi kwamba kisu ndicho sababu peke yake. Kijiti kilichokaa juani, kufunga vibaya, kukosa kivuli, hayo yote huua mche. Lakini kisu ni sababu ambayo tunaweza kuiondoa leo, hapa hapa, kwa jiwe na maji.

2. Aina za visu vya kukunja

Kisu cha kukunja ni cha zamani, na kina sehemu chache tu: bapa lenye makali, mpini wa mti au pembe au plastiki, msumari mmoja ambao bapa linazungukia, na kitu cha kulishikilia lisijifunge.

Kuna kile chenye springi mgongoni tu. Kikifunguka springi inalibana bapa, lakini hakina kufuli. Ukisukuma kwa mgongo wa bapa, kitajifunga kwenye vidole vyako.

Kuna chenye pete ya kuzungusha shingoni. Visu vya Opinel vya Ufaransa ni vya namna hiyo. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka wa 1890 huko Savoie, sehemu ya milima na wakulima, na pete ya kufungia iliongezwa mwaka wa 1955.

Kuna pia Okapi, chenye pete ndogo ya kuvuta mgongoni, na kinalia ka-ka-ka kikifunguliwa. Hicho kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka wa 1902, kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani huku Afrika. Tangu mwaka wa 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Kilikusudiwa kuwa kisu cha maskini na mfanyakazi, na bado ndivyo kilivyo.

Halafu kuna kisu maalum cha kupandikizia. Hiki mara nyingi kimechongwa upande mmoja tu, upande wa pili ni bapa tupu kama patasi. Kumbukeni hilo, maana namna ya kukinoa ni tofauti. Nitarudi hapo.

Juu ya chuma chenyewe, kuna mawili. Kuna chuma cha kawaida kinachoshika kutu na kuwa cheusi kikiguswa na utomvu wa embe au maji ya ndimu. Usikidharau. Ni rahisi kunoa, na kinachukua makali mazuri. Kuna na chuma kisichoshika kutu upesi. Hicho ni kizuri kwa mtu anayesahau kufuta kisu, lakini mara nyingi kinakuchosha zaidi kwenye jiwe. Watu wengine hupima kwa sumaku, wakisema kikishikwa na sumaku si kizuri. Msiwasikilize. Visu vingi vya chuma kisichoshika kutu navyo hushikwa na sumaku.

3. Kikague kabla ya kutoa pesa

Muuza duka atakuambia vyote ni sawa. Si sawa. Hata vikiwa ndani ya sanduku moja, kimoja kinaweza kuwa kizuri na jirani yake kibovu. Simama mahali penye mwanga, usione haya, kagua hivi:

Kwanza, kifungue na kukifunga mara tano. Kiende bila kukwama, lakini kisiwe legelege kama mlango uliovunjika bawaba. Kikifunguka, springi au kufuli ikamate imara.

Pili, kikiwa wazi, shika bapa kwa mgongo wake, ulisukume polepole kushoto na kulia. Likicheza sana, liache. Mchezo huo hautapungua, utaongezeka.

Tatu, kifunge utazame ndani. Bapa lilale katikati, lisikwaruze ukuta wa mpini. Ncha isichungulie nje hata kidogo, maana itakuchoma mfukoni. Na makali yasigonge springi kule ndani. Yakigonga, kila ukifunga kisu utakuwa unakitoa makali wewe mwenyewe.

Nne, kiinue juu uelekeze kwenye mwanga, utazame katikati ya springi na mpini. Ukiona mwanga unapenya, fundi alikuwa na haraka. Maji na utomvu yatapita hapo hapo.

Tano, tazama bapa kuanzia ncha kuelekea mpini, kama mtu anayekagua kama mbao imenyooka. Lisipinde. Makali yawe na upana ule ule pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa mpana na mwingine mwembamba, kunoa kutakuwa kazi ya wiki nzima.

Sita, pitisha kidole juu ya mpini. Misumari isitokeze, mti usiwe na ufa. Mtu atakayechonga vijiti mia kwa siku atajua maana ya msumari uliotokeza.

Na jambo la saba ni la kikundi: msinunue kumi kwa siku moja. Nunueni kimoja. Kinoeni, kifanyieni kazi wiki moja. Kikiwa kizuri, rudini kwa wengine. Pesa za kikundi ni jasho la watu ishirini, hazitumiwi kwa kubahatisha.

4. Mbona kisu kipya hakipati?

Mama mmoja aliuliza swali hili, na ni swali zuri. "Kama ni kipya, si kinatakiwa kuwa kikali?" Hapana. Kiwandani makali hutolewa kwa mashine, haraka haraka, na mara nyingi huachwa manene. Makali manene yanaishi safarini na dukani bila kuharibika, lakini hayafai kuchonga kijiti. Mara nyingine pia yamebaki na uzi mwembamba wa chuma uliojikunja upande mmoja. Unakata karatasi unafurahi, kesho yake uzi umekatika, kisu kimekuwa butu. Kwa hivyo kisu kipya tukihesabu kama mahindi yaliyotoka shambani. Chakula kipo, lakini bado hakijapikwa.

5. Namna ya kunoa

Mtahitaji jiwe la kunolea lenye pande mbili, mkwaruzo na laini, lile linalouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Kama hamna, chukueni msasa wa maji namba 400 na namba 1000, mkaulaze juu ya kipande cha kioo au kigae kilichonyooka. Hata kile kitako cha kikombe cha kauri, pale pasipo na rangi ya kung'aa, kinanoa vizuri mwishoni. Jiwe liwe limenyooka. Jiwe lenye bonde katikati litakupa kisu chenye bonde.

Hatua ya kwanza. Lowesha jiwe kwa maji, ulilaze juu ya kitambaa chenye unyevu lisiteleze. Kama jiwe lilikwisha kutiwa mafuta, endelea na mafuta, usichanganye.

Hatua ya pili. Laza bapa juu ya jiwe, kisha inua mgongo wake kidogo. Kidogo kiasi gani? Kwa kisu chenye upana wa kidole, mgongo uwe juu ya jiwe kwa zaidi kidogo ya nusu ya unene wa penseli. Hiyo ni kama nyuzi 15 hadi 20. Ukiinua zaidi, makali yatakuwa manene. Ukilaza mno, utakwaruza bapa tu na makali hayatagusa jiwe. Kama huna uhakika, paka ukingo wa makali kwa kalamu nene ya kuandikia makatoni, kisha piga mara mbili au tatu. Tazama wino umefutika wapi. Ukifutika juu tu, inua mgongo kidogo. Ukifutika kwenye ncha ya makali tu, teremsha.

Hatua ya tatu. Sukuma kisu mbele kana kwamba unataka kukata ngozi nyembamba kutoka juu ya jiwe, kuanzia karibu na mpini mpaka kwenye ncha. Ukifika ncha, inua mpini kidogo ili ile sehemu ya kuzunguka nayo iguse. Mkono usikandamize kwa nguvu. Anayekandamiza anachoka upesi na pembe inamponyoka. Fanya upande mmoja tu mpaka uhisi uzi wa chuma upande wa pili.

Uzi huo ndio siri ya kunoa. Ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, usipitishe kwa urefu wa makali, utahisi kitu kinakwaruza. Hiyo ni dalili kwamba umefika mwisho wa chuma. Mpaka uuhisi kuanzia mpini hadi ncha, hujamaliza. Watu wengi huacha hapa katikati, halafu wanasema jiwe ni baya.

Hatua ya nne. Geuza, fanya upande wa pili mpaka uzi urudi upande wa kwanza. Kisha geuza jiwe, upande laini, urudie kwa mkono mwepesi zaidi. Malizia kwa kubadilisha: mara moja huku, mara moja kule, mara kumi hivi, mpaka uzi upotee.

Hatua ya tano. Chukua mshipi wa ngozi, ulaze juu ya meza. Vuta kisu kinyumenyume, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, mara kumi kila upande. Ukitanguliza makali utaukata mshipi, na mwenye mshipi hatafurahi.

Kwa kile kisu cha kupandikizia kilichochongwa upande mmoja: noa upande ule uliochongwa tu. Ule wa pili ulaze bapa kabisa juu ya jiwe laini, upitishe mara mbili tatu kuondoa uzi, basi. Ukiuinua utaharibu kazi ya fundi, na kisu hakitachonga tena uso ulionyooka.

Kupima: elekeza makali kwenye mwanga wa jua, uyatazame moja kwa moja. Makali yanayopata hayaonekani. Ukiona nukta au mstari unaong'aa, pale bado ni butu. Kisha kata karatasi ya gazeti, ikatike bila kuraruka. Mwisho chonga kijiti cha mwembe mara moja, uguse ule uso. Uwe laini, bila nyuzi.

Sasa ndipo tunajua kama tulinunua chuma kizuri. Chonga mti mkavu mara ishirini, urudi kwenye mwanga. Makali yakijikunja upesi na kung'aa, chuma ni laini mno. Yakimeguka vipande vidogo, ama chuma ni kigumu mno, ama umeyafanya membamba kupita kiasi. Ongeza pembe kidogo ujaribu tena. Yakibaki vile vile, nendeni mkanunue vingine.

6. Tahadhari juu ya mashine ya kusaga

Vijana wetu wengi hukimbilia kwa fundi wa jua kali mwenye jiwe la umeme. Dakika moja, cheche zinaruka, kisu kinang'aa. Fundi huyo ni hodari kwa majembe na mapanga, simlaumu. Lakini makali ya kisu kidogo ni membamba, yanapata moto upesi kuliko unavyodhani. Ukiona rangi ya bluu kwenye ukingo, ujue joto limefika kama nyuzi 300, na ule ugumu aliouweka mtengenezaji umepungua mahali pale. Ukikinoa, kitapata kwa muda mfupi tu, halafu kinalala tena. Dawa yake ni kusaga mpaka ile sehemu yote iishe, na hapo umepoteza nusu ya kisu. Kisu kipya kisipelekwe kwenye jiwe la umeme. Nusu saa ya mkono inatosha.

7. Kutunza kisu na kujitunza

Futa utomvu baada ya kila mche michache, na ufute bapa kwa spiriti unapotoka mti mmoja kwenda mwingine, ili usihamishe magonjwa. Ukitumia dawa ya kung'arisha nguo badala ya spiriti, suuza na kukausha mara moja, maana inakula chuma. Jioni kausha kisu, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye msumari wake. Mafuta ya kupikia yanaganda na kunata. Usikiloweke kwenye karai, mpini wa mti utavimba na kisu hakitafunguka.

Kisu chenye springi tu kisitumike kuchoma au kuchokoa. Ukikata, kata kuelekea nje. Ukimpa mwenzako, kifunge kwanza. Na mkumbuke kwamba kisu butu kinaumiza kuliko kikali, kwa sababu unatumia nguvu nyingi na kinateleza. Ukijikata shambani, osha kwa sabuni na maji mengi, uende zahanati kuuliza juu ya sindano ya pepopunda. Vidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na samadi, na kisu cha kitaluni kinashinda humo. Kwa sababu hiyo hiyo, kisu cha kazi kisikate kitovu cha mtoto, hata mkikinoa namna gani.

Kwa vijana: kisu kinakaa ndani ya mfuko wa vifaa, si mfukoni siku ya soko. Askari akikukuta nacho usiku, si rahisi kumweleza habari za miembe.

8. Kisu cha kikundi ni cha nani?

Hapa narudi kwenye kazi yangu. Kitu cha wote mara nyingi hakina mwenyewe. Kila mtu anakitumia, hakuna anayekinoa. Mama anakiazima kukatia sukuma wiki, mtoto anafungulia kopo, na siku ya kupandikiza kinarudi na meno kama msumeno. Kabla ya kununua, andikeni kwenye kitabu cha mkutano: nani anakitunza, nani ananoa, kitatoka kwa kazi gani. Na anayenoa asiwe mmoja tu. Akihama au akiugua, ujuzi umeondoka naye. Fundisheni wawili au watatu, na mmoja wao awe mama, kwa maana katika vitalu nilivyoviona akina mama ndio wanaofanya kazi kubwa huku kisu kikikaa kwa mwenyekiti.

Wazee walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mimi naongeza kwamba kikundi chenye kisu kikali ndicho kitakachouza miche. Jiwe liko hapa mezani, maji yapo kwenye ndoo. Haya, nani anakuja kwanza?

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Msimu uliopita miche mingapi yetu ilishika, na mingapi ilikauka? Je, tuliandika?
2. Visu vyetu viko kwa nani leo? Vileteni mkutanoni, mvitazame makali kwenye mwanga.
3. Kati ya ukaguzi wa mambo sita, kisu chetu kimepita mangapi?
4. Ni wanachama gani wawili au watatu watakaojifunza kunoa, na wataanza lini?